Naomba ushauri, ukavu wakati wa tendo na sina kilainishi

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada bila kunicheka. Nina miezi 4 tangu nijifungue, nanyonyesha, na huku chini nimekuwa mkavu mpaka tendo linaniuma, nesi kasema kunyonyesha kunashusha homoni ndo maana. Mate yanakauka saa hiyo hiyo, losheni ya mtoto ikaniwasha, mafuta ya nazi ndo yalinifaa kabisa ila tunatumia kondomu na ikapasuka, kumbe mafuta yanadhoofisha ule mpira, niliogopa jamani mtoto bado mdogo hivi. Duka la dawa la huku kwetu kilainishi cha maji hawana. Sasa je, ute wa alovera nnaokata mwenyewe bustanini ni salama kule ndani? Na nikiweka kijiti cha uzazi wa mpango mkononi tukaacha kondomu, mafuta ya nazi yana shida?