Mama alipona saratani ya titi, sasa tatizo liko kwenye uboho. Tuulize nini?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ana miaka 61. Mwaka 2018 alitibiwa saratani ya titi: upasuaji, dripu za dawa za saratani, doksorubisini na siklofosfamidi, kisha mionzi. Akapona, akarudi shambani. Tangu Ramadhani anachoka, akipiga mswaki fizi zinatoka damu, na alipochomwa sindano mkono unabaki na baka jeusi wiki nzima. Ameshaongezewa chupa tatu za damu. Walipochukua uboho nyongani wakasema ni mielodisiplasia (uboho unashindwa kutengeneza damu nzuri) iliyoletwa na matibabu ya zamani, seli changa za damu zisizokomaa ni asilimia 12. Nikauliza atapona? Daktari akajibu "inategemea", akaitwa wodini. Inategemea nini jamani? Kaka anataka tuuze kiwanja tumpeleke India.

NesiMstaafu: Pole sana mwanangu. Inategemea kwanza kabisa kromosomu za hizo seli, yaani nyuzi zinazobeba jeni. Kipimo chake ni tofauti na kuangalia uboho kwa hadubini, ulizia kama kilifanyika. Siklofosfamidi na mionzi madhara yake kwenye uboho kwa kawaida huja baada ya miaka 5 hadi 10, na mara nyingi kromosomu ya 5 au ya 7 imepotea, nzima au kipande. Zikiwa zimevurugika nyingi kwa pamoja, au jeni ya TP53, inayozuia seli kugeuka saratani, imeharibika, ugonjwa unakuwa mkaidi. Zikiwa za kawaida, afadhali. Pili, nguvu za mama mwenyewe: anaoga na kutembea bila kushikwa? Na moyo wake upimwe, doksorubisini huudhoofisha.

Binti Kigogo: Msikate tamaa kwa kusikia imeletwa na matibabu. Shangazi yangu alipata saratani ya damu miaka miwili baada ya dripu, ikakutwa ni ya promielositi (aina moja ya seli changa za damu), kromosomu ya 15 na ya 17 zimebadilishana vipande. Kwa asidi ya retinoiki na arseniki, huu mwaka wa nne anakaanga vitumbua vyake. Ya mama yako ni aina nyingine, sikudanganyi, ndiyo maana majibu ya kromosomu ni muhimu.

Mzee wa Kilosa: Kiwanja kisubiri hayo majibu. Kinachoweza kuponya kabisa ni kupandikizwa uboho, kama mwili utahimili. Ndugu zake wa baba na mama mmoja wako wangapi? Kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye. Hata ninyi watoto, mnaolingana naye nusu, siku hizi mnafikiriwa.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Nimempigia daktari, kumbe kipimo cha kromosomu hakikufanyika. Jumatatu asubuhi tunarudi. Wadogo zake wawili wapo hai, mmoja Tabora, nimeshamwambia ajiandae.