Mitihani imebaki wiki tatu na darasa halilali: tuanzie wapi?

Kiongozi_Darasa (Maseno)
Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Nasimamia darasa la mwaka wa pili. Wenzangu kadhaa hawapati usingizi, na wengine mapigo ya moyo huwaenda mbio na vidole kufa ganzi wakifika mlango wa ukumbi wa mtihani. "Tulieni" tumeambiwa vya kutosha. Naomba hatua zenyewe: mtu afanye nini, kwa muda gani, na kwa nini wengine hujaribu wakashindwa?

Nasaha_Kakamega
Ganzi hiyo mara nyingi huletwa na kupumua haraka kupita kiasi. Hewa ya kaboni dioksaidi hupungua mwilini, vidole na midomo huwashawasha, kichwa huwa chepesi, na mwanafunzi hudhani anakufa. Hofu huongezeka, naye hupumua haraka zaidi. Ndiyo maana kumwambia "vuta pumzi nyingi" humzidishia taabu.

Dawa iko kwenye kutoa pumzi. Aketi, mgongo uegemee, mkono mmoja juu ya tumbo. Avute kwa pua akihesabu hadi 4, tumbo liinuke, si mabega. Atoe kwa mdomo polepole, kama anayepoza chai, akihesabu hadi 6. Dakika 5. Akisikia kizunguzungu, anavuta kwa nguvu mno, apunguze. Wanaoshindwa ni wale wanaongoja siku ya mtihani ndipo wajaribu. Waanze leo, asubuhi na jioni, mwili uzoee. Wala msimpe mtu mfuko apumulie, hasa mwenye pumu. Maumivu ya kifua yasiyoisha ni ya zahanati, si ya mazoezi.

Muuguzi_Njoro
Kwa usingizi, shikeni saa ya kuamka kwanza. Saa kumi na mbili asubuhi iwe saa kumi na mbili hata Jumapili. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya siku kadhaa. Kijana anahitaji saa 7 hadi 9.

Kahawa ya saa kumi jioni, kiasi cha nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa tatu usiku. Chai ya rangi nayo ina kafeini. Mwisho iwe saa nane mchana. Miraa na muguka hukesha na mtu, lakini huongeza mapigo ya moyo yale yale mnayoyalalamikia. Pombe humlaza mtu upesi kisha humwamsha usiku wa manane.

Kiongozi_Darasa (Maseno)
Asante sana. Shida ni hosteli: kitanda ndicho meza, na taa haizimwi.

Muuguzi_Njoro
Basi someni maktaba hadi ifungwe, na chumbani mketi kitini au hata mkekani, si kitandani. Leso iliyokunjwa juu ya macho inatosha kuziba taa. Mtu akikaa macho kama dakika 20, ainuke, asome kitu kisichomsisimua, arudi kitandani macho yakiwa mazito. Simu ibaki mbali na mkono.

Mama_Karo (Kisumu)
Mmesahau karo! Hakuna zoezi la pumzi linalofuta salio. Mwenye deni aende ofisi ya fedha wiki hii, kabla foleni ya kadi za mtihani haijaanza, akiwa na taarifa ya akaunti, barua ya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) kama anayo, na ombi la maandishi lenye kiasi na tarehe atakazolipa. Ahadi ya mdomo haina faili. Mgonjwa naye aombe kuahirisha mtihani kabla ya kuukosa, na barua ya daktari mkononi.

Nasaha_Kakamega
Kweli kabisa, mama. Nyongeza moja: mwenzenu akikosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Msimwache peke yake. Mpelekeni kwa mshauri wa chuo siku hiyo hiyo. Usiku, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi pesa.