Boti ikipotea na petroli ni ya siku moja, tuanze kutafuta wapi?

Binti wa Diko, Msangamkuu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua hesabu, na wazee wa bahari mnisahihishe nikikosea.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la boti hapa dikoni, yaani mahali wavuvi wanapoegesha vyombo. Mwezi wa nane, upepo wa kusi umekaza, boti ya baba mdogo ilizimika mashine saa kumi alfajiri, ndani watu wanne. Mmoja alipiga simu akasema wanaziona taa za Mtwara kwa mbali, simu ikakata. Saa nne asubuhi boti zetu mbili zikatoka. Zikaenda palepale walipozoea kutega, maana ndipo tulipopajua. Zikazunguka mpaka magharibi, petroli lita 60 ikaisha. Usiku tukachangishana, asubuhi zikarudi kulekule. Siku ya tatu dau la watu wa Sudi, kaskazini yetu, likawakuta nje kabisa, upande wao. Wote hai, alhamdulillahi, ila baba mdogo midomo ilikuwa imepasuka kwa chumvi hadi maji tulimpa kwa kijiko.

Kinachoninyima usingizi ni ile siku ya pili. Tulishatafuta, hatukuona, tukarudi palepale. Nimesikia majeshi na watu wa ndege wana hesabu za kutafuta kitu kilichopotea baharini. Zipo kweli? Na mtu mwenye daftari, kalamu na boti mbili anaweza kuzitumia?

Mwalimu wa Hesabu, Lindi

Pole sana dada, na hongera kwa kuuliza. Zipo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Marekani lilikuwa na ndege chache na bahari kubwa ya kusakia nyambizi za Wajerumani. Mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake wakapewa swali kama lako: nguvu ni ndogo, tuimwage wapi?

Chukua daftari, igawe bahari mapande matatu. Tuseme wazee wanaona uwezekano ni 50 kwa 100 kwamba boti iko pande A, 30 ni B, 20 ni C. Mmeanza na A, sawa. Hamkuona. Sasa jiulize: kama kweli ingekuwa A, tungeiona mara ngapi katika mia? Ukisema 80, basi ile 50 ya A inabaki 10. B bado 30, C bado 20, jumla 60. Gawanya kila moja kwa 60: A sasa ni 17, B ni 50, C ni 33. Kesho boti zote B, bila ubishi.

Lakini kama siku ile kulikuwa na mawimbi na jua la kuchoma macho, pengine mngeiona mara 40 tu. Hapo A inabaki 30, jumla inakuwa 80, na A na B zinalingana, 37 na nusu kila moja. Kwa hiyo usiandike "A tumemaliza". Andika mlitafuta vizuri kiasi gani.

Kiasi hicho nacho kinapimika. Boti inakwenda kilomita 15 kwa saa, macho yanafika mita 500 kila upande, saa nne za kuzunguka: umefagia kilomita za mraba 60. Kama pande zima lina 60, mtu atadhani amelimaliza. Koopman alionyesha kuwa ukizunguka bila mpangilio unapata kama asilimia 63 tu, kwa sababu njia zinapishana na kwingine hapaguswi. Ukirudia kwa kiasi kilekile unafika 86. Mkienda kwa mistari iliyonyooka, boti mbili sambamba, mnapata zaidi kwa petroli ileile.

Ndege ya Air France namba 447 ilianguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na watu 228. Meli zikasikiliza vifaa vinavyolia chini ya maji kutoka kwenye visanduku vya kumbukumbu, hazikusikia kitu, na sehemu zilizosikilizwa zikahesabiwa kuwa hazina kitu. Baadaye wanatakwimu wakarudia hesabu wakiuliza: je, kama vifaa vyote viwili viliharibika? Uwezekano ukarudi karibu na mahali pa mwisho ndege ilipojulikana kuwapo. Aprili 2011 msako mpya ulikuta mabaki kwa muda wa wiki moja hivi, kina cha mita 3,900 hivi. Kwa hiyo kurudi palepale si kosa kila mara, dada. Inategemea jana mliangalia kwa jicho gani.

Nahodha Mstaafu, Mikindani

Mwanangu, mwalimu amesema vizuri, ila mapande yake yametulia kama shamba la mikorosho. Ndege ile ilikuwa imelala chini. Boti inatembea. Toka saa kumi alfajiri hadi saa nne ni saa sita, na mkondo wa kilomita mbili tu kwa saa umeshawapeleka kilomita 12 kabla hamjavuta kamba ya mashine.

Bahari yetu mkondo mkubwa unatoka mashariki, ukiigonga pwani huku kwetu unagawanyika, mmoja unashika kusini Msumbiji, mwingine unapanda Lindi na Kilwa. Wakati wa kusi upepo na mkondo vinasukuma njia moja. Wakati wa kaskazi vinapingana, na hapo boti yenye ubavu mrefu inafuata upepo, mtumbwi uliojaa maji unafuata mkondo. Uulize kwanza ni chombo gani.

Tangu nikiwa kijana, kilichopotea kwa kusi kinaokotwa Mgao au Sudi. Anzeni huko.

Binti wa Diko, Msangamkuu

Shikamoo mzee. Nashukuru, nimeandika yote. Ila nina wasiwasi na hilo la mwisho. Nimefungua daftari la miaka mitano: walioangukia Mgao na Sudi ndio waliorudi. Wale wawili wa ngalawa hatukuwapata mpaka leo, na hakuna anayejua walielekea wapi.

Mwalimu wa Hesabu, Lindi

Dada, umegusa kitu kikubwa mno. Vitani, Abraham Wald wa kikundi cha takwimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alishughulikia ndege za kivita zilizorudi na matundu ya risasi. Matundu yalijaa mwilini na kwenye mbawa, kwenye injini machache. Yeye akaelekeza ulinzi kwenye injini, kwa kuwa waliopigwa hapo hawakurudi kuhesabiwa. Daftari lako ni lilelile. Pande la nje, mbali na Sudi, lisipewe sifuri kwa sababu tu hakuna aliyerudi kusimulia.

Nahodha Mstaafu, Mikindani

Marahaba, mwanangu. Hilo sikuwahi kulifikiria. Ni kweli, waliotoka nje hawakuniambia.

Basi tupime maji yanapeleka vitu wapi. Tafuteni madumu ya lita 20, mtie maji nusu yasiparamiwe na upepo, mpake rangi, muandike namba ya simu ya diko.

Mwalimu wa Hesabu, Lindi

Walinzi wa pwani wa Marekani hudondosha maboya kwa kazi hiyohiyo, ya kwao yanatuma yenyewe mahali yalipo. Andikeni saa, upepo, na kama ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo).

Binti wa Diko, Msangamkuu

Madumu sita yamepatikana, baba mdogo ndiye anayepaka rangi. Tunatupa matatu karibu na matatu nje kabisa, Jumamosi maji yakianza kupwa. Watu wa Mgao, Sudi na Mchinga, mkiona dumu jekundu tafadhali pigeni, hata kama ni usiku.