Uzito wa ziada uwekwe wapi kwenye gari la mbao la Pinewood Derby?

Baba Neema: Habari zenu. Mwanangu wa miaka minane ni skauti mdogo hapa Minnesota, Marekani, na mwezi ujao wanashindana katika Pinewood Derby, ambapo magari ya mbao ya msonobari huteremka bila injini. Tumelichonga gari, tukalipiga msasa na kulipaka rangi, lakini mizani ya jikoni inaonyesha gramu 96 pamoja na magurudumu, ilhali kikomo ni aunsi 5, yaani karibu gramu 142. Jirani amenishauri niweke uzito mbele ili gari livutike. Je, ni sahihi?

Fundi Randa: Hapana ndugu yangu, uweke nyuma. Nguvu pekee ya gari hili ni kule kushuka kwake, na kwa kuwa linaanza likiwa limeinama kwenye mteremko, sehemu ya nyuma huwa juu zaidi, kwa hiyo uzito uliowekwa huko hushuka kimo kirefu zaidi kabla njia haijawa tambarare. Ukiliweka gari juu ya ukingo wa rula, lisawazike sentimita 2 hadi 2.5 mbele ya ekseli ya nyuma. Ukivuka hapo kwenda nyuma zaidi, magurudumu ya mbele hayakanyagi vizuri, gari huyumba na kugonga reli ya katikati ya njia, inayopita kati ya magurudumu, na kila linapogonga hupoteza mwendo.

Mama Imani: Naongezea kuhusu kitu cha kutumia. Risasi, yaani ile metali laini nzito, iache kabisa, kwa sababu ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na ukiitoboa au kuikwangua vumbi lake hubaki mezani na vidoleni. Tungsteni, metali nyingine nzito sana, ni ghali, lakini sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, wakati chuma kina takriban 7.8, kwa hiyo gramu 46 za tungsteni unazohitaji zitaenea kwenye tundu la sentimita za ujazo 2.4, ilhali chuma kitadai karibu 6, na mbao iliyochongwa nyembamba haina nafasi hiyo. Sisi mwaka jana tulitumia nati za chuma tukazishika kwa gundi ya moto, zikachomoka katika mbio za pili, na mtoto alilia sana. Tumia gundi ya epoksi, uiache usiku kucha.

Baba Neema: Asanteni sana. Je, naweza kubandika uzito huo chini ya gari ili nisiharibu rangi?

Fundi Randa: Chochote kinachoning'inia chini kitakwaruza ile reli ya katikati. Toboa kwa keekee kutokea upande wa chini, na rangi ya juu haitaguswa, lakini kumbuka kwamba unga wa mbao unaotoka nao ulikuwa na uzito, hivyo pima upya. Ishia gramu 140, kisha ubaki na skrubu ndogo mfukoni ya kuongezea uzito ikihitajika, kwa kuwa mizani ya waandaaji ndiyo inayoamua na huenda isilingane na yako. Mwache mwanao aikaze skrubu hiyo mwenyewe.