Majirani Barani: Jumamosi tunakwenda Sabaki

Mama Zuhura: Asalaam aleikum majirani. Safari ya kutazama ndege ipo Jumamosi. Tunakutana dukani saa kumi na mbili na nusu, tuktuk hadi darajani, kisha miguu mpaka mto unapoingilia baharini.

Kazungu: Waleikum salaam. Na kusi hii? Jana imenichukulia kofia. Si tungoje kaskazi?

Mwalimu Kadenge: Kaskazi utawaona wale wa kutoka Siberia, sawa. Lakini saa hizi kuna wageni wa Madagaska, na kaskazi huwakuti. Wanazalia kwao, kipupwe wanahamia huku.

Bi Rukia: Wakoje, Mwalimu?

Mwalimu Kadenge: Wadogo, kahawia, wana mstari mweupe chini ya jicho. Wakitua mchangani wote wanaelekea upepo unakotoka, huwaoni kabisa. Mpaka mmoja ageuze shingo, ndipo unagundua mchanga wote ule ni ndege 😄

Kazungu: Na heroe?

Mwalimu Kadenge: Pengine, kwenye maji ya kina kifupi. Siahidi, wale wana safari zao.

Bi Rukia: Mimi yale maji mekundu ya Sabaki ndiyo yanayonikera. Msimu wa mvua bahari yote ya Malindi inakuwa chai ya maziwa.

Mwalimu Kadenge: Udongo wa bara huo, Bi Rukia. Kule juu ni Athi, ukipita Tsavo ni Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki. Na tope hilo hilo lina minyoo na kaa wadogo, ndicho kinachowaleta ndege.

Salim: Shikamooni. Tunaweza kuogelea?

Mama Zuhura: Marahaba. HAPANA. Mamba wamo humo, na maji yenyewe huoni hata kiganja chako.

Kazungu: Mamba tena 🙆🏾 Na viboko?

Mzee Shallo: Viboko wapo, lakini sikilizeni. Kiboko hulisha usiku, alfajiri anarudi majini. Ubaya ni kusimama baina yake na mto, hapo hana mzaha. Kwa hivyo darajani hatuondoki kabla ya saa moja, matete tunayaacha mbali, tunapita juu ya matuta ya mchanga. Na yule kijana wa pale Sabaki anayetembeza watu atatangulia. Akisema simama, hata mwenye simu ya bei asimame.

Kazungu: Ujumbe huu umefutwa

Bi Rukia: Nimeuona, Kazungu 😂 Mtu mzima unaogopa hivyo?

Salim: Na maji ya bahari je, Mzee?

Mzee Shallo: Mwezi mpevu, bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Yanaanza kupwa alfajiri, kwenye saa nne na nusu yako chini kabisa. Ndege watatawanyika topeni kula. Saa tano tugeuke, yakianza kujaa tusiwe upande usio wetu.

Bi Rukia: Mahamri na mbaazi juu yangu. Thermosi ya tangawizi alete mwingine, mimi mikono miwili tu.

Salim: Mimi nitaleta chai.

Mama Zuhura: Darubini ni mbili, ya Mwalimu na yangu, watoto kwanza. Manyunyu yapo, beba leso. Nguo za kung'aa ziacheni, si harusi. Nauli nitumieni leo kabla ya Isha, ambaye hajatuma hana kiti. Kazungu, yako ya safari iliyopita bado naingoja.