Msaada wa haraka: buti za ngozi zimebana ghafla, zitatanuka tena?

Kijana wa Uyole
Wakuu, habari za baridi. Nina buti za ngozi za kahawia, namba 42, zile zinazofunika kifundo cha mguu. Wiki mbili zilizopita zilikuwa zinaingia bila shida. Sasa zinabana vidole na ngozi imekakamaa kama gome. Je, zinaweza kurudi? Kama haiwezekani, pea kama hiyo hapa Mbeya, soko la Mwanjelwa au la Sido, inaenda bei gani? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

Baridi ya Makete
Achana na mtumba. Kule Moshi kuna kiwanda cha Karanga, wanatengeneza viatu vya ngozi hapahapa nchini. Mimi asubuhi za Juni huku Makete umande unaganda juu ya majani, na mguu wangu mkavu.

Kiazi Mviringo
Vaa hivyohivyo mpaka zikubali. Sisi Iringa tulisoma na viatu vya kaka zetu, mbele umesindika gazeti, na hakuna aliyeuliza namba. Siku hizi mnataka kiatu kikubembeleze.

Mama Wawili
Jumamosi kuna nini?

Fundi wa Kabwe
Ngozi haijibani yenyewe, mdogo wangu. Umeziotesha moto?

Kijana wa Uyole
Zililowa mvua shambani. Nikaziweka pembeni ya jiko la mkaa usiku mmoja tu, tena siyo karibu sana. Ila nimeshaanza kuzipaka mafuta ya alizeti na naona zinang'aa, kwa hiyo hapo niko vizuri.

Fundi wa Kabwe
Hauko vizuri. Moto unakausha maji na mafuta yaliyomo ndani ya ngozi kwa mpigo, ngozi inasinyaa na kukakamaa. Ukiikunja kwa nguvu sasa hivi inapasuka, na ufa wa ngozi hauponi, unazibwa tu. Mafuta ya kula nayo yanachacha humohumo. Acha kupaka leo.

Mama Wawili
Bado sijajibiwa habari ya Jumamosi.

Kijana wa Uyole
Basi niseme. Siyo zangu, ni za baba mkwe. Mzee mstaafu wa TAZARA, yuko Tukuyu, aliniazima nilipokwenda kuvuna viazi. Jumamosi anashuka Mbeya na atazitaka. Lakini msinihukumu, nimeshapata pea inayofanana Sido, namba hiyohiyo, shilingi 80,000, nimetanguliza 20,000. Nikizikwaruza kidogo na kuzipaka vumbi hatajua.

Kiazi Mviringo
Hatajua! Baba yangu naye alikuwa relini. Alikuwa anajua buti lake kwa mlio likiwa bado uani. Siku moja kaka alivaa la kulia tu, kwa utani, akachapwa miguu yote miwili.

Mtumba Grade A
Mimi nauza viatu, sikilizeni. Kwanza 42 si 42. Kila kampuni ina kalibu yake, yaani lile umbo la mguu la kuundia kiatu, na namba moja ya Ulaya ni kama milimita 6.7 tu, kwa hiyo mguu unahisi tofauti mara moja. Pima jioni mguu ukiwa umevimba, vaa soksi nene, simama, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Pili, angalia soli. Kama ni ile laini ya povu na buti limekaa stoo miaka, hata kama halijavaliwa, soli inamumunyuka kama mkate mkavu. Mzee atafika stendi na kisigino, nyumbani bila.

Kijana wa Uyole
Muuzaji kasema soli ni ya uhakika.

Mtumba Grade A
Hata mimi huwa nasema hivyo.

Mpita Njia Soweto
Samahani, naharibu uzi. Mvua gani Mbeya mwezi wa saba? Huku tangu Mei sijaona tone, ni vumbi na upepo. Mkwe, TAZARA, Jumamosi, kila kitu kimepangwa kama tamthilia. Hii ni chai, tena ya rangi. Jamaa yuko Dar amekaa kwenye feni.

Ndaga Fijo
Gwe, Tukuyu inanyesha hata Julai.

Mpita Njia Soweto
Mkwe ndiye yuko Tukuyu. Viazi alivuna wapi? Aseme.

Kiazi Mviringo
Weka picha.

Kijana wa Uyole
Nilivuna Uyole. Haikunyesha. Niliziosha. Mke alisema buti za baba zinanuka udongo, nikataka kuzirudisha safi, nikaziloweka kwenye beseni na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya kufulia. Nilipoona hazikauki ndipo nikaleta jiko.

Mpita Njia Soweto
Nilidhani umetunga buti, kumbe umetunga mvua. Naondoa chai yangu.

Fundi wa Kabwe
Sabuni ilishakamua mafuta kabla ya moto. Sasa fanya hivi: futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu, siyo cha kuchuruzika. Jaza magazeti ndani, badilisha yakipata unyevu, weka kivulini penye hewa. Zikikauka paka mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa vidole, siku mbili tatu, usimwage. Halafu leta nizitie kalibu. Upana utaachia kidogo. Urefu sikuahidi. Ukizivaa tena, zipumzishe siku moja kabla ya kuzirudia.

Kijana wa Uyole
Na ile pea ya Sido?

Fundi wa Kabwe
Ndani ya hizo za mzee kuna alama yoyote?

Kijana wa Uyole
Kwenye ulimi wa la kushoto kuna M, aliichoma kwa msumari. Na kisigino cha kulia alikitia kiraka mwenyewe kwa uzi mwekundu.

Kiazi Mviringo
Ya Sido ina M?

Mama Wawili
Mpigie mzee leo, baba. Atagomba, atacheka, mtakula.

Kijana wa Uyole
Nitampigia Ijumaa usiku. Fundi, kesho unafungua saa ngapi?