Naomba ushauri: Je, ni haki kusema kanda yetu inaongoza kwa vifo vya madereva walevi?

Katibu wa Stendi, Tororo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha madereva wa teksi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na nimekabidhiwa kazi iliyonizidi kimo. Diwani mmoja alisimama barazani akasema kwamba upande wetu wa mashariki unaongoza nchi nzima kwa vifo vinavyoletwa na madereva walevi, na kwa hiyo anapendekeza vilabu vyote vya pombe vilivyo karibu na stendi vifungwe saa moja jioni. Aliposema hayo alikuwa akitikisa karatasi, lakini hakuisoma. Chama chetu kimepewa wiki mbili kijibu kwa maandishi.

Sina nia ya kuwatetea walevi. Mwaka juzi tulimzika mwenzetu aliyetoka kilabuni usiku, akaendesha kuelekea Malaba mpakani na Kenya, akaingia chini ya trela lililoegeshwa barabarani bila taa wala kiakisi. Mimi ndiye niliyetumwa kwa wazazi wake. Sote tulijua alikuwa amekunywa, ila hakuna aliyempima, na karatasi ya ajali iliandikwa uendeshaji wa kizembe. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kifo chake kimehesabiwa wapi.

Jumla za nchi ninazo: taarifa za mwaka za polisi zinataja vifo vya barabarani 4,806 kwa mwaka 2023 na 5,144 kwa mwaka 2024. Ninaloshindwa ni kugawa vifo hivyo kwa kanda, kisha kwa pombe, halafu nikasema kanda hii imeizidi ile. Naomba mwenye ujuzi anielekeze kabla sijaandika jambo la kuniaibisha.

Mwalimu wa Hesabu, Soroti

Katibu, kabla ya yote muulize mheshimiwa diwani kama karatasi yake ina idadi au ina kiwango, kwa sababu watu wengi huvichanganya viwili hivi. Idadi ni vifo vingapi. Kiwango ni sehemu, na kila sehemu ina kiasi juu, yaani vifo, na asili chini, yaani unachogawia, kama vile wakazi. Ukibadilisha asili, mshindi wa jana anakuwa wa mwisho leo.

Chukua Kampala. Sensa ya mwaka 2024 iliwakuta wakazi wapatao milioni 1.8, na Wakiso jirani zaidi ya milioni 3. Sasa, alfajiri ya kila siku ya kazi umati wa watu wa Wakiso na Mukono huingia Kampala, na jioni hurudi makwao. Mmoja wao akigongwa mjini, kifo kinaandikwa Kampala, ilhali katika sensa marehemu alihesabiwa Wakiso. Ukigawa vifo vya Kampala kwa wakazi wa Kampala peke yao, unaubebesha mji vifo vya wageni wake. Kwenu ni hivyo hivyo kwa njia nyingine: barabara kuu itokayo Malaba inapita mlangoni penu, na dereva wa trela aliyekunywa nchi jirani na kupinduka Tororo anaingia kwenye hesabu yenu ingawa hajawahi kulala hata usiku mmoja wilayani.

Kuna na suala la udogo wa hesabu. Tuseme wilaya ina vifo vitatu vya namna hii mwaka huu na sita mwakani. Mtu atatangaza kwamba vimeongezeka maradufu, na hatakuwa amesema uongo, lakini huenda ni gari moja lililobeba watu watatu. Kwa wilaya, usikubali mwaka mmoja. Jumlisha miaka mitano ndipo ulinganishe.

Afande Mstaafu

Nimekaa kitengo cha usalama barabarani miaka mingi, kwa hiyo nitasema nililoliona kwa macho. Sheria yetu inaweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kikomo hicho ni kimoja kwa nchi nzima, Kaabong kule pembezoni na Kampala mjini. Mkono wa kukisimamia ndio usiolingana. Operesheni ya Kawunyemu, ile ya polisi ya kupima madereva pombe, ambayo jina lake la Kiganda linahusu kunusa harufu, wengi wenu mmekutana nayo mijini usiku wa Ijumaa na Jumamosi, maana huko ndiko kwenye vipima pombe na askari wa kutosha kusimamisha foleni. Nilipohudumu mimi, kituo cha mbali kidogo kilikuwa na kifaa kimoja ambacho leo kipo na kesho kimeazimwa.

Matokeo yake ni kinyume cha akili ya kawaida: kanda inayopima sana huonekana ya walevi, na kanda isiyopima huonekana ya watu wa maji na soda. Ongeza madereva wanaokimbia baada ya kugonga, ambao wakikamatwa kesho yake pombe imeshatoka mwilini. Ongeza na dereva aliyekufa papo hapo. Huyo hawezi kupuliza kifaa, na damu yake isipochukuliwa chumba cha maiti, habari imeishia pale. Askari aliye mbele ya fomu hulazimika kuandika anachoweza kukithibitisha mahakamani, na kwa kawaida kinakuwa mwendo kasi, kulipita gari jingine vibaya, au uzembe. Katibu, mwenzako yumo humo. Pole sana.

Mjane wa Mbale

Nimesoma nikavumilia, sasa niseme. Nyinyi wanaume mnagawa na kuzidisha, lakini mume wangu aligongwa na mtu aliyekuwa ananuka waragi, ile pombe kali yetu, umbali wa hatua kumi, na hakuna kiasi wala asili itakayomrudisha. Kama diwani anataka kufunga vilabu, vifungwe. Kuna ubaya gani hata kama hesabu yake ina kasoro?

Katibu wa Stendi, Tororo

Dada yangu, pole, na sikupingi kwa moyo mwepesi. Hofu yangu ni kwamba tukifunga vilabu vya stendi kwa hesabu mbovu, mwaka ujao vifo vikibaki vile vile, mtu mwingine atasimama aseme pombe haikuwa tatizo, na hapo tutakuwa tumeharibu zaidi.

Mtafiti Mtulivu, Mbarara

Hofu ya Katibu ina mfano hapa hapa nchini. Baa zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Januari 2022, na katika muda huo kulikuwa pia na amri ya kutotembea usiku. Hilo lilikuwa kubwa kuliko pendekezo lolote la diwani. Vifo vya barabarani vilikuwa 3,880 mwaka 2019; vikawa 3,663 mwaka 2020; halafu mwaka 2021, baa zikiwa bado zimefungwa kisheria, vikapanda hadi 4,159, na mwaka 2022 vikafika 4,534. Asiye makini atasema basi pombe haiui. La hasha. Watu waliendelea kunywa majumbani na nyuma ya maduka, barabara ziliachwa wazi kwa wenye kasi, na bodaboda zilifanya kazi za kila aina. Namba hizo hazitoshi kuihukumu pombe wala kuiachilia, kwa kuwa ni jumla ya vifo vyote na hakuna aliyekuwa amepima.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kwa watu wanaopima zaidi, uone kwamba hata kwao kulinganisha ni kazi. Marekani ilihesabu vifo 42,514 vya barabarani mwaka 2022, na 13,524 kati yake, yaani asilimia 32, vilitokea katika ajali ambamo dereva mmoja angalau alikuwa amefikia au kupita kiwango kile kile tunachokitumia sisi, ambacho wao hukiandika 0.08. Hata hivyo si madereva wao wote wanaopimwa. Idara yao ya usalama barabarani hukadiria kitakwimu hali ya wasiopimwa, kwa kuangalia mambo kama saa ya ajali, umri wa dereva na aina ya ajali. Wangewaacha nje, majimbo yanayopima kidogo yangeonekana matakatifu, kama alivyoeleza Afande.

Na hapo ndipo penye mtego ninaotaka uuangalie sana. Jimbo la Rhode Island mara kwa mara huwa miongoni mwa yale ambayo sehemu kubwa ya vifo vyake vya barabarani inahusishwa na pombe, lakini vifo vyake ni vichache ukilinganisha na wakazi wake, hivyo ukigawa kwa wakazi linashuka chini kabisa. Mississippi ni kinyume chake: asilimia ya pombe huwa chini ya wastani wa taifa, ilhali mkazi wake ana hatari kubwa ya kufa barabarani kuliko karibu Mmarekani mwingine yeyote. Lipi kati ya hayo mawili “linaongoza”? Inategemea umeuliza asilimia ya vifo au kifo kwa kila watu 100,000. Karatasi ya diwani inaweza kuwa ya kweli kwa swali moja na ya uongo kwa jingine.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku, Arua

Niongeze lililo upande wangu. Montana na Wyoming, majimbo yenye watu wachache, huwa juu katika orodha hizo za Marekani, na pombe peke yake haitoshi kueleza kwa nini. Umbali ni mrefu, mwendo ni mkali, hakuna basi la kumrudisha mnywaji nyumbani, na hospitali kubwa iko mbali. Takriban Mmarekani mmoja kati ya watano anaishi vijijini, lakini karibu vifo viwili kati ya vitano vya barabarani hutokea huko. Kosa lile lile la dereva linaleta mguu uliovunjika mahali pamoja na jeneza mahali pengine. Anayevuja damu dakika chache kutoka hospitali ya rufaa, na anayesubiri gari la kumbeba huko Karamoja, hawana nafasi sawa hata kama waliowagonga walikunywa chupa zile zile. Kwa hiyo kiwango cha vifo kwa kanda kinapima kwa pamoja unywaji, barabara na huduma ya dharura, na mtu akisema “walevi” anakuwa amechagua kimoja kati ya vitatu.

Tena huku kwetu wanaokufa si madereva wa magari hasa. Wengi ni watembea kwa miguu, waendesha bodaboda na abiria wao. Nimepokea wagonjwa waliotoka kwenye mtungi wa kwete, pombe yetu ya kienyeji, wakitembea kwa miguu gizani, na gari lililowagonga liliendeshwa na mtu asiyekunywa chochote. Kwenu mashariki itakuwa ajono. Je, hicho ni kifo cha ulevi barabarani? Ni kweli pombe ilikuwepo. Lakini “dereva mlevi” hakuwepo.

Afande Mstaafu

Muuguzi amenikumbusha jambo. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku vifuko vya plastiki vya waragi, vile vilivyokuwa vinaingia mfukoni mwa shati. Chupa zilibaki; kilabu kikifungwa saa moja, kijana anajua pa kuipata, na atainywea juu ya pikipiki. Saa ya kufunga ina maana pale tu palipo na mtu wa kupima baadaye. Scotland iliteremsha kikomo chake kutoka miligramu 80 hadi 50 mnamo Desemba 2014, watu wakasifu, na uchunguzi uliolinganisha na England na Wales haukuona ajali zikipungua kwa sababu hiyo. Waliochunguza walitaja usimamizi hafifu miongoni mwa maelezo yanayowezekana.

Mwalimu wa Hesabu, Soroti

Basi, Katibu, ushauri wangu wa vitendo ni huu. Kabla ya kubishana na kanda nyingine, omba ruhusa mhesabu ajali za barabara yenu wenyewe kwa saa. Pale pasipo na vipimo, ajali ya usiku wa manane ya gari moja lililotoka barabarani mwisho wa wiki ni dalili bora ya pombe kuliko safu ya “ulevi” katika fomu. Si ushahidi juu ya mtu yeyote, kwani usingizi nao hufanya hivyo hivyo, lakini kwa kuwa kila kituo huandika saa na siku, haitegemei nani alikuwa na kifaa. Hiyo unaweza kuilinganisha na Soroti au Mbarara bila kuona haya.

Mjane wa Mbale

Sawa. Lakini andika pia kwamba mnaomba kipima pombe. Msiishie kwenye kukataa.

Katibu wa Stendi, Tororo

Dada, hilo nimeliandika kabla ya jambo lolote. Chama kinaomba kifaa kimoja kikae katika barabara ya Malaba usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na madereva wetu wamekubali wawe wa kwanza kupuliza kabla ya gari la mwisho kutoka stendi. Wawili walinuna, lakini wakatia saini. Katika kifungu cha pili tunamwomba mheshimiwa diwani aoneshe kama karatasi yake inasema idadi, asilimia au kiwango, ni ya miaka mingapi, na ni madereva wangapi waliopimwa katika kila kanda. Kuhusu saa ya kufunga vilabu tumesema tutatoa maoni baada ya kuhesabu ajali kwa saa, kama alivyoelekeza Mwalimu. Mkuu wa kituo ametuambia tupeleke barua rasmi ili turuhusiwe kusoma vitabu vya miaka mitano.

Nimeongeza na ombi moja ambalo halikutoka kwa mtu yeyote humu: matrela yanayoegeshwa usiku bila taa yapewe safu yake katika hesabu hiyo. Mwenyekiti aliuliza kwa nini nimeliweka, kisha akakumbuka, akaniambia niendelee.

Afande Mstaafu

Barua ya kwa mkuu wa kituo iwe na muhuri wa chama na nakala mbili, Katibu. Moja watakugongea tarehe ya kupokelewa, urudi nayo.